Mwili wa Mtoto ni wa Nani? Historia ya Michezo katika Masomo yetu ya Wagenia



Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuhesabu ubatizo, ndoa na makanisa yaliyojengwa. Ni jambo la haki, na wengine wamelitimiza. Sisi tumeombwa kuandika juu ya kazi ambayo watu wengi huiona ndogo: michezo ya watoto wa masomo, na mwalimu anayesimama kiwanjani na filimbi yake. Lakini tulipoanza kukumbuka mambo ya zamani, tuliona ya kwamba kazi hii si ndogo hata kidogo. Kila wakati wa historia ya mji wetu umeuliza swali moja: nguvu za mtoto ni kwa faida ya nani?

Mto ulikuwa mwalimu wa kwanza

Watu wa Wagenia, ambao wenyewe hujiita Enya, wanakaa kwenye poromoko la mwisho kati ya yale saba yanayoitwa Boyoma, pale Lualaba inapoanza kuitwa mto Kongo. Wazee wetu walisimika miti mikubwa kati ya mawe, katika maji makali, wakaifunga kwa kamba za porini, wakatundika vikapu vipana kinywani na vyembamba nyuma, ili nguvu ya maji iwaingize samaki ndani.

Kazi hii haiwezekani kwa mtu ambaye mwili wake haukufundishwa. Lazima kujua kuogelea katika maji yanayovuta, kutembea juu ya mti uliolowa, kushika pumzi, na kuvuta kamba pamoja na wenzako kwa wimbo mmoja. Mtoto alijifunza polepole: kwanza ukingoni, kiisha katika maji matulivu, kiisha katika mtumbwi pamoja na baba yake. Hakuna mzazi mwenye akili aliyemtupa mtoto wa miaka sita katika maji makali ili asifiwe na majirani. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya malezi ya mwili, kila umri na kazi yake, na wazee wetu waliijua bila kitabu.

Tena kulikuwa na kambi ya tohara ya vijana. Ile ya mwaka 1970 ilichunguzwa na mwanachuo Mholanzi, André Droogers, na kitabu chake kilitoka mwaka 1980. Siri za kambi si zetu kuzitoa hapa. Twaweza kusema tu ya kwamba pale kijana alijifunza kuvumilia, kutii, na kuwa ndugu wa wote walioingia pamoja naye, kwa maisha yote.

Wale waliotamani nguvu za vijana

Nguvu hizo zilitamaniwa na wengi. Wakati wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls kwa jina la mfalme Leopold II, vijana wa inchi hizi walichukuliwa utumwani na kubebeshwa pembe za ndovu. Nyuma yake Bulamatari naye alitaka wapagazi na wapiga makasia. Mbele ya kufunguliwa kwa reli ya Ponthierville mwaka 1906, mizigo ya serikali ilipita maporomoko kwa mikono na mabega ya watu. Mtu alihesabiwa kwa uzito alioweza kubeba, na mtoto alitazamwa kama mpagazi wa kesho.

Hii ndiyo inchi aliyoikuta Padri Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alipoanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli mwishoni mwa mwaka 1897. Kati ya watoto wa kwanza wa misioni walikuwamo waliokombolewa utumwani. Mtoto wa namna ile, aliyezoea kukimbia kwa sababu ya fimbo, alipaswa kujifunza upya kukimbia kwa furaha. Hapo ndipo sisi tunaona chanzo cha kweli cha michezo katika masomo yetu, hata mbele ya mpira wenyewe kufika.

Misioni na mpira

Mpira ulifika pamoja na masomo. Wafrera Wamarista, ambao waliingia Kongo mwaka 1911 na kufundisha pia Stanleyville, walikuwa wafuasi wa Marcellin Champagnat, aliyetaka mlezi akae kati ya watoto, si kalasini tu. Mahali pengine palitokea vivyo hivyo. Léopoldville, Padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, aliunganisha masomo na viwanja tangu mwaka 1919, akaanzisha chama cha michezo na kujenga viwanja vikubwa. Élisabethville, mwaka 1939, mapadri Wabenedikto wa masomo ya Mtakatifu Bonifasi walianzisha ekipi ya vijana. Ekipi ile ndiyo iliyokuwa Englebert, na leo dunia yote inaiita TP Mazembe. Bukavu, mwaka 1952, Padri Georges Defour alianzisha Xaveri, na humo mchezo, sala na kazi vilitembea pamoja.

Tunawashukuru hao wote. Lakini historia ya kusifu tu haifundishi mtu, basi tuseme na lingine. Wakubwa wa wakati ule waliupenda mpira pia kwa sababu nyingine: kijana aliyechoka kiwanjani hatakwenda kwenye ngoma wala kusikiliza siasa. Jimnastiki ilifanywa kwa mistari na amri, kama askari. Wazungu walicheza kwao na weusi kwao. Mwili wa mtoto ulikuwa umetoka chini ya mzigo, lakini ulikuwa bado chini ya amri.

Matunda yake yalionekana. Léopoldville, Juni 1957, ekipi ya Ubelgiji ilipocheza na ekipi ya mji, watu walikasirikia maamuzi ya mwamuzi Mbelgiji, na fujo ikatoka kiwanjani hata barabarani. Tarehe 4 Januari 1959 watu waliotoka kutazama mpira katika kiwanja kile kile walikutana na wale wa mkutano wa ABAKO uliokatazwa, na moto wa uhuru ukawaka. Kiwanja kilichojengwa ili vijana watulie kiliwafundisha kusimama pamoja. Mtu akifundishwa kanuni za haki katika mchezo, ataitafuta haki hata nje ya mchezo.

Mwaka 1974

Kiisha uhuru, inchi yetu ilipata sifa kubwa. Kongo ilichukua kombe la Afrika mwaka 1968, na tena mwaka 1974 kwa jina la Zaire. Katika mwaka huo wa 1974 Leopards walikwenda kwenye kombe la dunia Ujerumani ya Magharibi. Walifungwa mabao 2 na Scotland, mabao 9 na Yugoslavia, na mabao 3 na Brazil, nao hawakufunga hata moja. Oktoba ya mwaka ule ule, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa, katika kiwanja cha Tata Raphaël. Ulimwengu wote ulitutazama.

Na mwishoni mwa mwaka ule ule serikali ilichukua masomo yote ya misioni. Saa za dini ziliondolewa, na siasa ya Chama ikaingia. Vyama vya vijana vya kanisa vilikuwa vimekwisha kukatazwa tangu mwaka 1972, ili pabaki JMPR peke yake. Asubuhi watoto walicheza na kuimba sifa za kiongozi mbele ya bendera. Kwa macho ya mgeni ilikuwa mazoezi ya mwili. Sisi tuliokuwapo tunajua ya kwamba haikuwa hivyo: mtoto hakuruka ili akue, aliruka ili mtu mwingine atukuzwe. Masomo yalirudishwa mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya Februari 1977, lakini viwanja vingi havikurudia hali yake.

Filimbi na bunduki

Tumebaki na jambo zito zaidi. Mwaka 1964 Wasimba walipouteka mji, wengi wao walikuwa vijana wadogo, waliopewa dawa na mkuki na kuambiwa ya kwamba risasi zitageuka maji. Katika taabu ile mapadri wengi wa Moyo Mtakatifu waliuawa. Machi 1997 majeshi ya AFDL yaliingia Kisangani, na ndani yake mlikuwamo watoto walioitwa kadogo, ambao bunduki ilikuwa karibu kuwapita urefu. Tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita katika mji wetu ambao si wao wala wao, na raia mamia wakafa.

Anayefanya mtoto kuwa askari hutumia mambo yale yale ya mwalimu wa michezo: mstari, filimbi, mbio, wimbo, na heshima ya kuwa katika kundi. Tofauti ni moja tu. Mmoja anauliza, mtoto huyu atanifaa nini? Mwingine anauliza, mimi nitamfaa nini mtoto huyu?

Kiwanja chetu leo

Tungefurahi kusema ya kwamba swali hilo limekwisha. Halijakwisha. Tunakumbuka siku moja ya fainali ya masomo. Mwalimu mmoja, ambaye jina lake hatuliandiki, aliingiza vijana wakubwa wawili wasiojulikana katika daftari la kalasi yoyote. Mtoto aliyecheza mwaka mzima aliambiwa avue jezi yake, ampe mmoja wao. Aliivua mbele ya mama yake. Kombe lilipatikana, nasi wote tulipiga vigelegele. Siku ya posho iliyofuata mtoto yule hakuja, wala hakuja tena. Sisi tuliokuwapo na tukanyamaza, tunaliungama hapa.

Tunakumbuka pia mwalimu mwingine. Yeye aliwapanga watoto kwa umri na kimo, akaanza polepole mpaka miili ipate joto, akawapa maji mbele ya kiu. Aliyekimbia nyuma ya wote hakuchekwa: alipewa kazi ya kuhesabu mizunguko, na mwezi uliofuata alionyeshwa ya kwamba amepunguza hatua zake za nyuma. Wasichana waliokuwa wakicheza nzango kando ya ukuta, aliwapa kiwanja, saa na mwamuzi kama wavulana. Na tazameni, mchezo ule wa uani leo una kanuni na ekipi zake katika Kongo zote mbili. Mwalimu huyo hakuleta makombe mengi. Lakini wanafunzi wake ndio leo wanaovuta kamba penye maji makali, wanaoimba katika kwaya, na wanaofundisha wengine.

Paulo Mtume aliwaandikia Wakorinto juu ya wakimbiaji na taji lao linaloharibika. Naye Papa Yohane Paulo II, aliyefika mjini mwetu Mei 1980, tangu ujana alipenda kupiga kasia na kupanda milima pamoja na vijana. Basi mkristu asiseme ya kwamba mambo ya kiwanjani ni ya watoto tu.

Katika jubilei hii, ombi letu ni la mambo matatu. Kiwanja cha masomo kisikatwe tena viwanja vya kuuza. Katika mashindano, daftari la kalasi liheshimiwe kama daftari la ubatizo. Na kila mtoto, msichana kwa mvulana, hodari kwa dhaifu, apate zamu yake ya kucheza. Wazee wetu hawakumtupa mtoto katika maji ambayo hakuyaweza, wala hawakumwacha ukingoni maisha yake yote. Sisi nasi tufanye vile vile.

Mungu awabariki walimu wetu, walio hai na waliolala, na awalinde watoto wa Wagenia.