Lesotho: wakati ushuru wa Marekani ulipogonga viwanda vya nguo, serikali ilisaidia namna gani?

Lesotho ni nchi ndogo ya milima, imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Wakaaji wake ni kama milioni 2,3. Wengi hapa kwetu hawaijui, lakini pengine jeans fulani ndani ya mitumba ya sokoni ilishonwa kule Maseru. Viwanda vya nguo ndivyo vinapatia watu kazi zaidi inje ya serikali, na wanaokaa kwenye masini wengi wao ni wanawake.

Tarehe 2 mwezi wa 4, 2025, Rais Donald Trump alitangaza ushuru mpya kwa bidhaa zinazoingia Marekani. Lesotho ikaandikiwa 50%. Hakuna nchi iliyopewa zaidi siku hiyo.

Hesabu yenyewe inashangaza. Mwaka 2024 Marekani ilinunua Lesotho vitu vya dola karibu milioni 237, yenyewe ikauza kule vya milioni 2,8 tu. Washington ilichukua tofauti, ikaigawanya kwa manunuzi yake, ikapata 99%, kisha ikakata nusu. Hivyo 50% haikutoka kwenye duwane ya Lesotho. Tena Lesotho haipangi duwane peke yake: iko ndani ya umoja wa forodha wa SACU pamoja na Afrika Kusini, Botswana, Namibia na Eswatini. Mizani haiko sawa kwa sababu mama anayeshona jeans hana pesa ya kununua gari la Marekani. Ni hiyo tu.

Kiisha wiki moja ushuru ulisimamishwa, ikabaki 10%. Tarehe 7 mwezi wa 8 ikapanda 15%. Lakini mnunuzi wa nguo anaagiza miezi mingi mbele, na hapendi kukisia bei. Wengine waliacha kuagiza, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Kenya na Eswatini, zenye kushona nguo za namna hiyo hiyo, ziliwekewa 10%.

Kisha ikafika tarehe 30 mwezi wa 9. Siku hiyo muda wa AGOA ulikwisha, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 yenye kuruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia bila ushuru wa kawaida. Tuchukue suruali ya pamba ya mwanaume, bei ya dola 10. Mbele ya 2025 ilikuwa inaingia bure. Mwezi wa 8 ililipiwa dola 1,50. AGOA ilipokwisha, ushuru wa kawaida wa 16,6% uliongezeka juu yake, jumla ikakaribia dola 3,16. Anayelipa ni Mmarekani anayeingiza mzigo, ndiyo, lakini yeye anageuka kwa kiwanda na kusema: punguza bei, ao naenda kwingine.

Serikali ya Maseru ilifanya nini? Mwezi wa 7 ilitangaza hali ya maafa juu ya ukosefu wa kazi kwa vijana, mpaka mwezi wa 6, 2027. Tangazo la namna hiyo linafungua njia ya kutoa pesa haraka. Kuna pia LNDC, shirika la serikali la maendeleo, lenye kujenga majengo ya viwanda na kuyapangisha. Na kuna dhamana ya mkopo: mwenye kiwanda akishindwa kulipa, serikali inabeba sehemu ya deni kwa benki. Dhamana inamsaidia mwenye oda mkononi ambaye amekosa pesa ya kitambaa. Yule asiye na oda, mkopo unamuongezea deni tu.

Ndiyo maana waziri wa biashara, Mokhethi Shelile, alikuwa anatazama zaidi soko la Afrika Kusini, ambako nguo za Lesotho zinaingia bila duwane. Viwanda vya Maputsoe, karibu na mpaka, vingi vinashonea huko tayari. Lakini soko hilo haliwezi kumeza yote yaliyokuwa yanaenda Marekani.

Afrika Kusini yenyewe ilipigwa 30%. Yeye ana mfuko mkubwa kidogo: alifungua dawati la kusaidia wenye kuuza inje, akaweka programu ya pesa za kuendesha kazi, tena akaruhusu kampuni zinazoshindana zishirikiane kusafirisha mizigo bila kuadhibiwa na sheria ya ushindani. Lesotho haina pesa ya kufanya hivyo.

Na Kongo? Iliandikiwa 11% mwezi wa 4, kisha 15% mwezi wa 8. Haikusikika sana, kwa sababu shaba na kobalti havikuguswa na ushuru huo. Kwa wakulima wa kakao wa Beni na Mambasa ao wa kahawa ya Kivu ilikuwa habari nyingine, mpaka mwezi wa 11, 2025 Marekani ilipotoa kahawa na kakao kwenye orodha. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda katika maduka yao.