Mionzi na Saratani ya Nyuma ya Pua

Nyuma ya pua, juu ya kaakaa, pana mahali pa siri ambapo kisu cha mganga hakifiki kwa urahisi. Saratani ya hapo yawasumbua sana watu wa kusini ya China, hasa Guangdong na Hong Kong. Mara nyingi mgonjwa huona kwanza uvimbe shingoni, wala hajui asili yake.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen alivumbua, huko Würzburg, mionzi ipenyayo mwilini. Waganga wakaitumia kuuharibu uvimbe, ijapokuwa mionzi haichagui: tezi za mate nazo hukauka, hata kumeza tonge ni kazi.

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walitangaza habari ya wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kukomaa. Waliopewa mionzi peke yake, 47 katika 100 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliotiwa na dawa pia, 78. Tofauti hiyo ni baba na mama za watu!

Kisha mwaka 2017, Hong Kong, wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili walikuwa wamepimwa damu, ikitafutwa alama ya kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda. Watu 34 wakaonekana na saratani hiyo, wengi wao ingali changa.