Hesabu ya Watoto: Nakwa na Historia ya Vifo na Uzazi

Nakwa imo katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mbali na harufu ya bahari. Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza habari za huko zinamhusu nini. Historia ina jibu. Kipindupindu kilichoifyeka Unguja mwaka 1869 na 1870 hakikuletwa na jahazi. James Christie, tabibu aliyeishi Unguja wakati huo, alizifuata nyayo za maradhi hayo, na katika kitabu chake cha mwaka 1876 akaeleza kwamba yalipitia nchi ya Wamaasai, yakateremka na njia za misafara hadi Pangani, ndipo yakavuka maji. Bara na visiwa viliunganishwa na msiba kabla ya kuunganishwa na dola.

Nchi ya Babati, ambayo wasafiri wa kale waliijua kwa jina la Ufiomi, ni ya Wagorwa, na majirani zao ni Wairaqw, Wambugwe, Warangi na Wadatoga. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kila upande. Oscar Baumann, aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1892, aliwakuta wafugaji wakifa njaa. Ng'ombe alipokufa, maziwa ya mtoto yalikatika na mahari ya kijana yakapotea. Kwa hiyo kifo cha mifugo kiliongeza vifo na kupunguza ndoa kwa wakati mmoja. Watu walipopungua, pori lilirudi. Na pori liliporudi, mbung'o walirudi nalo, wakawafungia walio hai ardhi nzuri.

Katika dunia ya namna hiyo kuzaa sana hakukuwa ujinga. Kulikuwa busara ya mtu apandaye mbegu tatu shimo moja akijua kwamba ndege wapo. Mila nazo zilijengwa juu ya hofu hiyo. Kwa Wairaqw, nyumba iliyopatwa na baadhi ya misiba, kama mimba kuharibika, iliwekwa kando na jamii kwa muda; desturi hiyo huitwa metimani. Sisi wa pwani tuliiweka hofu yetu katika majina. Tabu, Mashaka, Shida na Sikitu si majina ya mapambo. Mama aliyezika watoto alimwita aliyebaki "si kitu" ili mauti yasimtamani. Atakaye kuandika historia ya vifo vya watoto pwani na aanze na majina ya bibi zetu.

Mambo yalianza kugeuka katika karne ya 20. Vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, na Wairaqw, waliokuwa wamebanana katika milima ya Mbulu, wakateremka kutafuta mashamba mapya. Zikaja zahanati na hospitali za misheni. Baada ya uhuru ukaja mpango wa taifa wa chanjo, mwaka 1975, na baadaye vyandarua. Hata hivyo njia haikunyooka. UKIMWI uliirudisha nchi nyuma: mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, 147 hawakufikia umri wa miaka mitano. Mwaka 2004/05 idadi hiyo ilikuwa 112, na utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 43.

Uzazi haukushuka kwa mwendo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alitarajiwa kuzaa watoto sita na zaidi; mwaka 2022 walikuwa wastani wa 4.8. Kifo kilitangulia kuondoka, na desturi iliyozaliwa nacho ikabaki nyuma yake, kama mgeni asiyejua kwamba ngoma imekwisha. Katika mwanya huo ndimo watu walimoongezeka. Mkoa wa Manyara ulikuwa na watu 1,040,461 mwaka 2002. Mwaka 2022 walikuwa 1,892,502. Shamba lililomtosha baba halitoshi likigawanywa kwa wana watano walio hai wote. Mmoja hulima, wengine huteremka mjini kutafuta duka, bodaboda au kibarua. Miji kama Babati haikukuzwa na barabara peke yake. Imekuzwa pia na watoto ambao zamani wangalizikwa.

Na mji nao hubadili hesabu. Mtoto wa shambani huchunga na kupalilia; mtoto wa mjini hutaka sare, daftari na nauli. Mwaka 2022 wastani wa uzazi vijijini ulikuwa 5.5, na mijini 3.6. Nakwa, iliyo mjini lakini haijaachana na shamba, imesimama kati ya hesabu hizo mbili.

Serikali ilitangaza sera ya idadi ya watu mwaka 1992, na tangu hapo mengi yamesemwa kuwahimiza wazazi wapange uzazi. Wako pia wanaowakemea wanawake kwa kuzaa sana. Lawama hizo huanzia mwisho wa kisa. Mzazi hupunguza mbegu akishaamini kwamba ndege wamekwenda, na imani hiyo huletwa na mkunga aliye karibu, dawa iliyopo zahanati, na binti aliyeachwa amalize shule. Watoto 43 katika 1,000 ni karibu mmoja katika kila 23. Katika mtaa wowote hiyo ni nyumba yenye jina, na jirani zake wanaijua. Majina ya Tabu na Sikitu yanapungua katika madaftari ya shule zetu. Hayajafutika, wala wakati wa kuwacheka waliowapa watoto wao majina hayo haujafika.