Larsen iliyogeuka muziki: kinanda cha Minimoog na waya wake wa kurudisha sauti

Kila msikilizaji aliyewahi kupiga simu kwenye kipindi anajua neno la kwanza analoambiwa na mtangazaji: "Punguza kwanza radio yako." Asipopunguza, sauti yake inapanda antena, inashuka katika radio iliyo mezani kwake, inatoka kwenye bafle ya radio hiyo na kuingia tena katika simu aliyoishika mkononi. Haipiti hata dakika moja, kunatokea mlio wa kupasua masikio. Mafundi wa kwetu wanauita larsen, jina walilolirithi kutoka Kifaransa, nalo ni jina la mtu: Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmark. Kanisani larsen inaleta aibu katikati ya mahubiri. Kambini, megafoni ya mgawanyo wa chakula ikianza kulia hivyo, watoto wanacheka na akina mama wanaziba masikio. Fundi mzuri ni yule anayejua kuiua haraka.

Kuna kinanda kimoja ambacho wapigaji wake waliitafuta larsen hiyo kwa makusudi, wakaifuga, na leo kuna watu wanaokinunua kwa bei kubwa kwa ajili yake. Waliokitengeneza hawakuwa wamepanga hivyo.

Kinanda hicho kinaitwa Minimoog. Kabla yake, vinanda vya kutengeneza sauti kwa umeme, vile vinavyoitwa sintetiza, vilikuwa vikubwa kama kabati la nguo. Robert Moog, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1934, alianza kuvitengeneza mwaka 1964, na karakana yake ilikuwa Trumansburg, mji mdogo katika jimbo la New York. Kabati la Moog lilikuwa na sehemu nyingi zisizojuana: moja inazaa sauti, nyingine inaichuja, nyingine inaipandisha na kuishusha. Ili sehemu hizo zisaidiane, mpigaji alichukua waya zenye fishi pande zote mbili akaziunganisha mwenyewe, kama wale wafanyakazi wa zamani wa posta waliokuwa wakiunganisha simu kwa mkono. Ukitaka sauti nyingine, unachomoa na kuchomeka upya. Studio ilifaa. Jukwaani, mbele ya watu wanaosubiri kucheza, haikufaa.

Bill Hemsath, mhandisi wa karakana hiyo, alianza kuokota vipande vilivyobaki bila kazi, akavifunga pamoja katika sanduku moja dogo lenye kibao cha kupigia. Alikuwa akiifanya kazi hiyo saa ya chakula cha mchana. Wakati huo kampuni ilikuwa na shida ya pesa. Moog alipokuwa safarini, wahandisi wake waliogopa kwamba karakana ingefungwa na wao kukosa kazi, hivyo wakaliendeleza sanduku la Hemsath bila ruhusa ya mkubwa wao. Aliporudi aliwagombeza, kisha akaona faida yake. Mwaka 1970 toleo la nne, lililoitwa Model D, lilikuwa tayari kwenda sokoni. Lilikuwa na vibao 44 vya kupigia, na sehemu ya juu yenye butoni ilikunjwa ikalala ili mtu akibebe kinanda kama sanduku la safari. Lilitengenezwa hadi mwaka 1981, na zaidi ya vinanda 12,000 vilitoka kiwandani.

Ili kinanda kibebeke, wahandisi waliondoa waya za nje. Njia ya sauti ikafungwa ndani moja kwa moja, na mpigaji hakuwa tena na la kuchagua. Vizalisha sauti vitatu vinaingia katika mikseri ndogo, mikseri inapeleka katika kichujio, kichujio kinapeleka katika sehemu ya mwisho ambayo ni kama mlango: ukigusa kibao mlango unafunguka, ukiinua kidole unafungwa. Kisha sauti inatoka nje kwenda kwenye bafle. Uhuru wote wa lile kabati, wa kuunganisha popote na popote, ulikuwa umekwisha.

Isipokuwa tundu moja. Nyuma ya kinanda wahandisi waliacha mahali pa kuingizia sauti ya kigeni, wakaiwekea butoni yake katika mikseri. Lengo lilikuwa la kawaida: mpiga gita au mtu mwenye mikro achomeke hapo, apitishe sauti yake katika kichujio cha Moog. Kando ya butoni hiyo waliweka taa nyekundu ndogo ya kuonya kwamba sauti inayoingia imezidi kipimo.

Kinanda kilikuwa pia na tundu la kaske, ili mpigaji ajisikilize peke yake. Hapo ndipo wapigaji walipofanya jambo ambalo halikuwa lengo la tundu lolote kati ya hayo mawili: walichukua waya mfupi, upande mmoja wakauchomeka kwenye kaske, upande wa pili kwenye tundu la sauti ya kigeni. Kinanda kikaanza kujisikiliza chenyewe. Kilichotoka mwishoni kilirudi mwanzoni, sawasawa na msikilizaji yule na radio yake mezani. Bafle ya jukwaani iliendelea kupata sauti kutoka tundu lake la kawaida.

Butoni ya sauti ya kigeni ikiwa sifuri, hakuna kinachobadilika. Ukiizungusha kidogo sauti inanenepa, kama mwimbaji mmoja aliyepata mwenzake wa kumsindikiza kwa chini. Ukiendelea inapata mkwaruzo, kisha inaunguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Ukizidisha, noti yenyewe inapotea na kubaki kelele inayojila. Taa nyekundu, iliyowekwa ili watu waogope, ikawa dalili kwamba mtu amefika anapopataka.

Na kwa nini kinanda hakikupiga ule mlio usiokoma wa kanisani? Jibu liko kwenye ule mlango wa mwisho. Sauti inayorudi inachukuliwa baada ya mlango. Mpigaji akiinua kidole, mlango unafungwa, mzunguko unakatika, na larsen inakufa pamoja na noti. Fundi wa kanisani hana kidole cha namna hiyo. Lazima akimbie hadi kwenye mikseri. Tena, kinachorudi kinapita upya katika kichujio, kwa hiyo kila mpigaji anapogusa kichujio, mkwaruzo nao unabadilika sura. Wengine waliongeza kijisanduku cha mwangwi katikati ya waya, hata kila mzunguko ukarudi umechelewa kidogo na kuchafuka zaidi.

Hila hii ilienda kwa mdomo, mpigaji akimwonyesha mpigaji mwenzake. Na labda isingependeza kiasi hicho kama kinanda chenyewe kisingekuwa na kosa ndani yake tayari. Jim Scott, mhandisi aliyeshughulikia saketi za Minimoog, alikosea hesabu: sauti iliingia katika kichujio kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Unene ule ambao watu waliusifu kwa miaka mingi, wakidhani ni ufundi wa siri wa Moog, kwa sehemu ulikuwa ni sauti iliyozidi kipimo tangu kiwandani. Waya wa kaske ulilipeleka mbele kosa ambalo wahandisi wenyewe walikuwa wamelianza.

Jambo la namna hiyo lilionekana hata kabla ya Model D kuuzwa. Sun Ra, kiongozi wa bendi ya jazz, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupewa Minimoog ya majaribio. Jon Weiss, aliyekuwa akifanya kazi na Moog, alisimulia baadaye jinsi alivyokisikia kinanda hicho mikononi mwa Sun Ra: hakuelewa kilikuwa kimefanywa nini, sehemu zake zilikuwa hazifanyi kazi tena kama inavyopasa, na sauti ilikuwa ya ajabu hata akaipenda. Fundi mwenye haraka angekirudisha karakanani siku hiyohiyo, na muziki ule ungetengenezwa ukaisha.

Moog mwenyewe alifariki mwaka 2005. Mwaka 2016 kampuni yenye jina lake, ambayo wakati huo ilikuwa Asheville katika jimbo la North Carolina, ilirudisha Model D sokoni. Safari hii waya wa kaske hauhitajiki: usipochomeka kitu katika tundu la sauti ya kigeni, kinanda kinajirudishia sauti chenyewe ndani kwa ndani, na butoni ileile inapima kiasi. Hila ya vijana wa jukwaani imekuwa sehemu ya bidhaa, na bei imo. Hakuna jina la mpigaji yeyote lililoandikwa kando ya butoni hiyo.

Hapa nchini kuna mtu ambaye jina lake lilibaki. Mingiedi Mawangu alikuwa mpiga likembe wa Bazombo, watu wa mpaka wa Kongo na Angola, ambao muziki wao wa zamani ulipigwa kwa pembe za tembo. Katika kelele za Kinshasa likembe haisikiki. Ni chombo cha kupigia karibu na moto. Mingiedi hakuwa na mhandisi wala karakana. Alitumia sumaku zilizotolewa katika vyuma vya magari mabovu, akatengeneza mikro zake mwenyewe, akazifunga kwenye likembe na kuzipeleka katika vikuza sauti na zile honi kubwa za zamani zinazoitwa lance-voix. Alitaka likembe isikike tu. Vyombo vile vilizidiwa, vikatoa mkwaruzo uliofunika kila noti, na bendi yake, Konono N°1, haikuuondoa. Iliupokea kama mpigaji mwingine.

Vincent Kenis, mwanamuziki wa Ubelgiji, aliisikia Konono kwa mara ya kwanza katika rekodi ya mwisho wa miaka ya 1970. Alikuja Kinshasa kuitafuta na hakuipata, maana wanamuziki walikuwa wametawanyika. Wengi wanaosoma habari hii wanajua maana ya kutafuta watu ambao hawapo tena pale ulipowaacha. Mwanzo wa miaka ya 2000 alimkuta Mingiedi akiwa ameisimamisha bendi upya, na mikro zile za sumaku zikifanya kazi. Rekodi waliyoifanya ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Congotronics. Kenis alikuwa na vifaa vya kuisafisha sauti. Aliuacha mkwaruzo jinsi ulivyo, na watu wa Ulaya wanaoshinda na vinanda vya umeme wakaja kuuliza huyu mzee anatumia mashine gani.

Mingiedi alifariki mwaka 2015. Mwanawe Augustin, aliyejifunza likembe kwa baba yake, ndiye aliyeendelea kuichomeka kwenye vikuza sauti vilevile.