Kura ya Wavuvi: Greenland Ilivyojitoa Ulaya

Jumatatu ya tarehe 2 Oktoba 1972 Wadenmark walikwenda vituoni kujibu swali moja: nchi yao ijiunge na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, au ibaki nje? Wiki moja kabla, jirani zao wa Norway walikuwa wameulizwa swali hilohilo wakakataa, na Copenhagen ilikuwa roho juu. Bunge lilishapitisha jambo lenyewe kwa kura 141 dhidi ya 34. Lakini katiba yao ilitaka wabunge watano katika kila sita, yaani 150 kati ya 179. Zikapungua kura tisa, ikabidi wananchi waulizwe. Wananchi wakakubali kwa zaidi ya asilimia 63. Kesho yake Waziri Mkuu Jens Otto Krag, aliyekuwa mstari wa mbele kuitafuta ndiyo hiyo, akaishangaza nchi nzima kwa kutangaza kwamba anang'atuka.

Habari ya Krag ilimeza habari nyingine iliyokuwa ikiingia taratibu kutoka upande wa pili wa bahari, zaidi ya kilomita 3,000. Huko Greenland, katika miji midogo na vijiji vya wavuvi na wawindaji, watu saba katika kila kumi waliopiga kura walikuwa wamesema hapana. Hapana yao haikubadili kitu. Kura zao zilimwagwa kapu moja na kura za Denmark, nchi yenye watu wapatao milioni tano, wakati Greenland nzima haikufika watu 50,000. Tarehe 1 Januari 1973 wakajikuta wameingizwa katika Jumuiya waliyoikataa, pamoja na Denmark, Uingereza na Ireland.

Watu wengi wanaposikia nchi kupiga kura ya kujitoa Ulaya huwaza Uingereza ya mwaka 2016. Lakini mlango ule ulishafunguliwa miaka 34 kabla, na watu ambao idadi yao yote ingekaa katika uwanja mmoja wa mpira. Ukitaka kuelewa kura yao ya mwaka 1982, usianzie Brussels. Anzia kwenye lile kapu la 1972, na swali la nani ahesabiwe pamoja na nani.

Kapu hilo lilisukwa mwaka 1953. Hadi hapo Greenland ilikuwa koloni la Denmark, na kwa muda mrefu biashara yake yote ilishikwa na idara moja ya kifalme, huku mgeni asiye na kibali akizuiwa kutia mguu. Katiba mpya ya Juni 1953 ilifuta neno koloni na kuifanya Greenland kuwa mkoa wa Denmark, wenye viti viwili katika bunge la Copenhagen. Baraza la Greenland liliridhia. Hata hivyo, kura ya maoni iliyopitisha katiba hiyo ilipigwa Denmark na haikupigwa Greenland. Visiwa vya Faroe, vilivyo pia chini ya taji la Denmark, vilikuwa na bahati tofauti: vilijipatia utawala wao wa ndani mwaka 1948, na Denmark ilipoingia Jumuiya vyenyewe vikabaki nje. Greenland haikuwa na ngao hiyo. Mkoa hufuata nchi.

Miaka iliyofuata ilileta hospitali, shule na nyumba za ghorofa. Ilileta pia uchungu. Serikali iliona kuwa vijiji ni vingi na vimetawanyika mno, ikasukuma watu kuhamia miji michache ya pwani ya magharibi, viwanda vya samaki vilipokuwa vikijengwa. Mwindaji aliyezoea kutoka mlangoni mwake na kuingia kwenye mtumbwi akajikuta ghorofa ya nne. Kuanzia mwaka 1964 sheria iliweka mshahara kwa kuangalia mtu amezaliwa wapi, hivyo mzaliwa wa Greenland akalipwa chini ya Mdenmark aliyekuja kufanya kazi ileile, meza kwa meza. Na mwaka huohuo wa kura, 1972, mji wa Qullissat ulifungwa. Ulikuwa mji wa machimbo ya makaa ya mawe katika kisiwa cha Disko, mji wenye vyama vya wafanyakazi, waimbaji na watu wenye msimamo. Hesabu ya Copenhagen ilisema machimbo hayalipi, na wakazi wakasambazwa miji mingine. Waliozaliwa Qullissat walibeba jeraha hilo popote walipokwenda, na wengi wao walikuja kuwa sauti kubwa katika siasa na muziki. Mimi naamini kwamba kura ya 1982 ilianza kupigwa siku ile meli ya mwisho ilipoondoka Qullissat.

Kizazi kilichokwenda kusoma Denmark ndicho kilichorudi na maswali. Moses Olsen, aliyechaguliwa kuingia bunge la Copenhagen mwaka 1971. Lars-Emil Johansen, kijana kutoka kaskazini. Jonathan Motzfeldt, mchungaji wa Kilutheri kutoka kijiji kidogo cha kusini. Hawa watatu walianzisha vuguvugu la Siumut, neno lenye maana ya "Mbele", lililosajiliwa kuwa chama mwaka 1977. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kujibu: kama hapana ya watu saba katika kumi inaweza kupita bila kusikika, basi Greenland inahitaji mahali pake pa kuhesabia kura. Januari 1979 asilimia 70 ya wapiga kura walikubali utawala wa ndani, na tarehe 1 Mei mwaka huo ukaanza rasmi. Siumut ilipata viti 13 kati ya 21 na Motzfeldt akawa waziri mkuu wa kwanza. Mji mkuu, ambao ramani za Wadenmark ziliuita Godthåb, ukarudishiwa jina lake la Nuuk.

Sasa kapu lilikuwa lao. Lakini hasira peke yake isingetosha kuwatoa. Kilichotosha ni samaki.

Maji ya Greenland yana chewa, kamba na samaki wengine wa baridi kali, na ardhi nyuma ya pwani ni barafu tupu. Mtu wa huko hana shamba la kurudia bahari ikimnyima. Katika miaka ya 1960 meli kubwa za kigeni zilivuta chewa kwa nyavu za kukokota nje kidogo ya hori za magharibi, na kufikia mwisho wa muongo huo chewa walianza kuadimika. Jumuiya ya Ulaya nayo ilikuwa imekubaliana mwaka 1970, kabla tu ya kufungua mazungumzo na Denmark na wenzake, kwamba maji ya mwanachama mmoja yatakuwa wazi kwa wavuvi wa wanachama wote. Wenye samaki wengi waliingia wakikuta sheria imeshaandikwa na wenye meli nyingi.

Hapa simulizi inapita kwetu, na inafaa isemwe wazi kwa sababu husahaulika. Wazo la kwamba nchi ya pwani imiliki utajiri wote wa bahari hadi maili 200 lilipewa umbo la kisheria na Kenya. Ujumbe wa Kenya ulilipeleka kwanza Colombo mwaka 1971, kwenye kikao cha Kamati ya Ushauri wa Kisheria ya Asia na Afrika, kisha Agosti 1972 ukalifikisha mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia sakafu ya bahari. Mwanasheria Frank Njenga ndiye aliyelipigania kikao baada ya kikao. Wazo hilo liliposhika, dunia haikusubiri mkataba. Mwaka 1977 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilitandaza mamlaka yao hadi maili 200. Kwa Greenland maana yake ilikuwa kubwa: ghafla bahari yote iliyoizunguka ikawa na mwenyewe. Ila mwenyewe alikuwa Brussels. Mgao wa nani avue nini karibu na Nuuk uliamuliwa na mawaziri waliokaa ukumbini Ulaya, na meli za Ujerumani Magharibi zilikuwa miongoni mwa wadau wakubwa. Mvuvi wa mashua ndogo alizitazama taa za meli hizo usiku akijua kwamba ziko pale kihalali. Mvuvi wa Kilwa au Lamu hahitaji kuelezwa anavyojisikia mtu huyo.

Kampeni ya mwanzo wa 1982 haikuwa ya upande mmoja, na si haki kuwafanya waliotaka kubaki kuwa vibaraka. Chama cha Atassut, ambacho jina lake hubeba maana ya kiungo, kilikuwa na hoja nzito. Fedha za Jumuiya zilikuwa zikijenga miundombinu na kusomesha vijana ufundi. Samaki wa Greenland waliingia soko la Ulaya bila ushuru. Tukitoka, waliuliza, nani atajaza pengo, na nani atanunua kamba wetu? Wengine waliogopa kwamba kuiacha Ulaya ni hatua ya kwanza ya kuiacha Denmark, iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya bajeti. Upande wa pili Siumut na chama kidogo cha mrengo wa kushoto, Inuit Ataqatigiit, walijibu kwamba fedha ile ni kodi ya bahari yao wenyewe ikirudishwa kama zawadi. Hata mwakilishi pekee wa Greenland katika Bunge la Ulaya, Finn Lynge wa Siumut, aliyewahi kuwa padri wa Kikatoliki, aliketi huko akitaka nchi yake itoke.

Kura ilipigwa Jumanne, 23 Februari 1982, katikati ya msimu wa baridi, kwenye pwani isiyo na barabara inayounganisha mji na mji. Watatu katika kila wanne wa waliojiandikisha walijitokeza. Waliotaka kutoka walikuwa takriban asilimia 53, waliotaka kubaki 47. Zile saba katika kumi za 1972 zilikuwa zimepungua sana, na hilo linaonyesha watu walivyopima. Miaka tisa ndani iliwafundisha wengi kwamba Jumuiya haikuwa zimwi. Walioamua kutoka waliamua wakijua watakachokosa.

Kujitoa nako kulihitaji ufundi. Mkataba wa Jumuiya haukuwa na kifungu cha kuondoka. Kile kifungu cha 50 ambacho Waingereza walikuja kukitumia kiliandikwa miongo miwili baadaye. Ilibidi mikataba yenyewe irekebishwe, na nchi zote kumi zilizokuwa wanachama ziridhie. Denmark ndiyo iliyozungumza kwa niaba ya Greenland, na ni haki kuipa sifa kwamba safari hii ilibeba neno la Wagreenland mpaka mwisho. Mazungumzo yalizunguka samaki, yakarudi kwa samaki. Ujerumani Magharibi haikutaka kupoteza mavuo yake, na Greenland haikutaka kupoteza soko.

Wakiwa bado mezani, Machi 1983 Jumuiya ilipiga marufuku kuingiza ngozi za watoto wa sili, baada ya kampeni kali dhidi ya uwindaji wa Canada. Wawindaji wa Greenland hawakuwa wakiwinda watoto hao, na sheria iliutenga uwindaji wa jadi wa Inuit. Lakini mnunuzi wa Ulaya hakutofautisha ngozi na ngozi. Bei ikaporomoka, na familia zisizokuwa na kipato kingine zikaumia kwa kosa lisilo lao. Nikisoma kisa hiki hunipanda hasira hata leo.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 13 Machi 1984. Greenland ingetoka, lakini ingehesabiwa miongoni mwa nchi na maeneo ya ng'ambo yaliyofungamana na Jumuiya, kundi lililoundwa kwa ajili ya mabaki ya makoloni. Samaki wake wangeendelea kuingia Ulaya bila ushuru mradi meli za Ulaya ziruhusiwe kuvua kwa mgao maalumu. Na kwa ruhusa hiyo Jumuiya ingelipa milioni 26.5 za ECU, kipimo chake cha fedha wakati huo, kila mwaka kwa miaka mitano ya kwanza. Meli zilikuwa zilezile, na samaki walewale, ila sasa mwenye bahari alikuwa anadai na analipwa.

Mkataba ulianza kazi tarehe 1 Februari 1985. Siku hiyo Jumuiya ya Ulaya ilipoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake, kilomita za mraba zipatazo milioni 2.16, nyingi zikiwa barafu. Juni 21 ya mwaka huo, siku ndefu kuliko zote, jua lisipotua kaskazini ya huko, Greenland ilipandisha bendera yake yenyewe kwa mara ya kwanza. Ilibuniwa na mwalimu na mwanasiasa Thue Christiansen: nyekundu na nyeupe kama ya Denmark, lakini badala ya msalaba wa nchi za Nordiki ina duara, jua linapozama juu ya barafu na bahari. Msalaba ulishindaniwa barazani na ukashindwa kwa kura chache.

Uingereza ilipopiga kura ya kutoka Juni 2016, asilimia 51.9 wakitaka hivyo, waandishi walimiminika kuuliza Greenland ilifanyaje. Jibu lilikuwa kwamba mazungumzo ya zao moja tu, samaki, yalichukua miaka miwili. London nayo ilitoka tarehe 31 Januari 2020, zikiwa zimepungua saa chache kutimia miaka 35 tangu Nuuk itoke.

Samaki bado ni zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya Greenland nje. Mapatano ya uvuvi na Ulaya yamefanywa upya mara kwa mara, na malipo yanaendelea. Machi 2024 Rais wa Kamisheni ya Ulaya, Ursula von der Leyen, alisafiri hadi Nuuk kufungua ofisi ya Umoja wa Ulaya mjini humo. Safari hii Ulaya ilikuja kwa kualikwa, ikiwa na mikataba ya elimu, nishati na madini mkononi, na aliyeipokea ni waziri mkuu aliyechaguliwa kwa kura zilizopigwa na kuhesabiwa Greenland.