Vita vya urithi vya Wahehe

Vita vya urithi vya Wahehe vilikuwa mapigano ya wenyewe kwa wenyewe katika eneo la mkoa wa Iringa wa leo, nchini Tanzania, baada ya kifo cha mtwa (mtawala) Munyigumba mnamo mwaka 1879.

Mkwe wake, Mwambambe, alinyakua madaraka, na Mkwawa, mwana wa marehemu, akakimbilia Ugogo. Aliporudi alimshinda Mwambambe, ambaye naye alikwenda Ukimbu kutafuta msaada. Pigano la mwisho lilikuwa Lundamatwe, jina la Kihehe linalotokana na vichwa vya waliouawa kurundikana hapo. Mwambambe alikuwa mmojawapo. Habari hizi zimehifadhiwa hasa na ukoo ulioshinda. Mwaka 1891 Mkwawa aliwashinda Wajerumani huko Lugalo.