Kitabu cha kasho husomwa na nani?

Tarehe 28 Februari 2024, huko Kamanyola katika bonde la Ruzizi, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, uliikabidhi kambi yake kwa Polisi ya Taifa ya Kongo, PNC. Ilikuwa kambi ya kwanza kukabidhiwa katika mpango wa kuondoka Kivu Kusini, na kufikia mwisho wa Juni mwaka huo kazi ya ujumbe katika jimbo zima ilikuwa imefungwa. Mjadala ulihusu zaidi ulinzi: nani atalinda barabara ya kwenda Uvira, nani atazuia mashambulizi ya usiku vijijini. Kuna kazi nyingine iliyoondoka na wageni hao bila kuagwa. Tangu 2008, ilipoundwa Ofisi ya Pamoja ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, mtu wa Uvira au Fizi aliyetaka kujua ni raia wangapi waliouawa, kupigwa au kufungwa kinyume cha sheria na watumishi wa dola alitegemea hesabu za ofisi hiyo, za wanaharakati wa nje, au za mashirika ya raia yaliyozikusanya kwa hatari kubwa. Polisi wenyewe, wanaojaza vitabu kila siku, hawakuwa wakimsomea raia ukurasa hata mmoja.

Kamanyola hiyohiyo ina ushahidi wa wazi. Tarehe 15 Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi waliandamana kudai wenzao waliokuwa wamekamatwa. Askari wa Kongo wakawafyatulia risasi, na wakimbizi wasiopungua 36 wakafa. Idadi hiyo ilitoka MONUSCO. Kwa upande wa serikali, afisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani alieleza kwamba askari walipiga hewani kwanza, kisha wakazidiwa na watu waliorusha mawe. Chanzo cha yote kilikuwa swali jepesi kabisa: waliokamatwa wako wapi, na kwa kosa gani? Swali hilo lilikuwa na jibu ndani ya karatasi za idara iliyowashikilia. Lingejibiwa hadharani mapema, huenda makaburi yale yasingechimbwa.

Hoja ya makala hii ni kwamba nchi yetu haijapungukiwa sana sheria za kuwataka askari waandike na watoe taarifa. Tatizo lake ni la zamani zaidi. Tangu siku ya kwanza, vyombo vya kulinda sheria katika ardhi hii vilijengwa kutoa taarifa kwa mkubwa, na tawala zote zilizofuata zikaurithi mpango huo bila kuugeuza uso wake kuelekea kwa raia.

Tuanzie kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Askari wa Force Publique, jeshi lake la Kongo, walidaiwa hesabu ya kila risasi. Katika maeneo ya mpira ya Équateur, mikono iliyokatwa ilipelekwa kwa ofisa kuwa uthibitisho kwamba risasi haikupotea bure. Hiyo nayo ilikuwa taarifa rasmi, iliyohesabiwa na kukaguliwa, tena kwa ukali. Ila mkaguzi alikuwa ofisa mzungu, na aliyekatwa mkono hakuwa na mahali pa kuuliza. Kelele zilipozidi Ulaya, mwaka 1904 mfalme alituma Tume ya Uchunguzi. Tume iliwasikiliza mamia ya mashahidi, Wakongo wengi miongoni mwao. Ripoti yake ilichapishwa 1905 katika gazeti rasmi la dola, lakini maneno ya mashahidi hayakuchapishwa. Yalifungiwa kwenye nyaraka kwa miongo mingi. Wakongo walikuwa wamesema mbele ya jopo rasmi, kwa viapo, na walichosema kikafanywa mali ya Brussels.

Ubelgiji ilipochukua koloni 1908, Force Publique ilibaki jeshi na polisi kwa pamoja. Baada ya uhuru sare zilibadilika mara nyingi: Mobutu aliivunja polisi 1972 na kuimeza ndani ya jandarmeri, akaongeza Garde Civile 1984. Uvira ilipotekwa na waasi wa AFDL mwishoni mwa Oktoba 1996, na tena wale wa RCD walipoichukua Agosti 1998, walinda sheria walipata mabwana wapya, na kila bwana aliripotiwa yeye. Wakati wa RCD, katika siku za mwisho za 1998 na za kwanza za 1999, watu kwa mamia waliuawa Makobola, kusini kidogo ya mji. Walioandika majina ya wafu walikuwa wanakijiji na watu wa makanisa. Maelezo ya kina zaidi yalingoja Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa Oktoba 2010, karibu miaka kumi na miwili baadaye.

Ukiisoma sheria yenyewe, utashangaa jinsi inavyodai mengi. Ordonansi ya 3 Julai 1978 inamtaka ofisa wa polisi ya mahakama, yule tunayemwita OPJ, aandike saa mtu alipowekwa kasho, yaani chumba cha mahabusu, na saa alipotoka, na inaipa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, nafasi ya kukagua. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa, awasiliane na familia au wakili, na asikae zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Kifungu cha 20 kinataka kesi zisikilizwe hadharani. Cha 24 kinampa kila mtu haki ya habari. Cha 142 kinailazimisha serikali kusambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60. Zikaongezwa sheria dhidi ya mateso ya 9 Julai 2011 na sheria ya polisi ya 11 Agosti mwaka huohuo. Ila angalia mwelekeo wa wajibu wa OPJ: anaandika kwa ajili ya parke na kwa ajili ya mkubwa wake. Majirani walisonga mbele katika hili. Uganda ilipitisha sheria ya haki ya kupata habari 2005, Kenya na Tanzania 2016, wakati mswada wa Kongo ukizungushwa bungeni mwaka baada ya mwaka.

Kuna mara moja mlango ulifunguliwa kweli katika jimbo hili, na inafaa tukio hilo likumbukwe vizuri kuliko linavyokumbukwa. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 askari wa jeshi la taifa waliingia mjini Fizi, wakapora, wakapiga, wakabaka. Mwezi mmoja na nusu haukupita kabla mahakama ya kijeshi kuhamia Baraka, ikaketi karibu na waliodhulumiwa na kuendesha kesi mbele ya umati. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari 2011 luteni kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, pamoja na maofisa wake, na wengine wakapewa vifungo vifupi zaidi. Wapo watakaosema lilikuwa jambo la wanajeshi, si la polisi. Kifungu cha 156 cha Katiba kinawaweka wote wawili chini ya mahakama za kijeshi, kwa hiyo kilichowezekana kwa kanali kinawezekana kwa komisaa. Kasoro ya Baraka ilikuja baadaye. Fidia zilizoamriwa zilikawia miaka mingi bila kulipwa, na hakuna ofisi iliyokuwa na wajibu wa kuwatangazia wanawake wale hatua kwa hatua malipo yamefikia wapi. Hukumu ilisomwa mbele ya watu, utekelezaji wake ukarudi gizani.

Pingamizi la kwanza dhidi ya uwazi ni vita. Bukavu ilitekwa na waasi wa M23 Februari 2025, na Desemba mwaka huo waasi hao wakaingia Uvira. Katika hali kama hiyo, wanasema, polisi akitangaza mambo yake anamsaidia adui. Hoja hii ina nguvu kuhusu doria, silaha na watoa habari. Haina nguvu kuhusu idadi ya watu waliomo kasho, tarehe walizoingia na mahali walipopelekwa. Adui hapati faida yoyote kwa kujua kwamba kijana wa Uvira amekaa siku tisa bila kuonana na parke. Anayefaidika ni mama yake. Zaidi ya hapo, mji unaobadilisha mikono ndio unaohitaji nakala za wazi, kwa sababu kitabu kimoja kilichofungiwa ofisini hupotea siku wenye ofisi wanapokimbia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalichukulia kwa heshima: bonde la Ruzizi lina majeraha ya kikabila, na taarifa inaweza kuwasha kisasi. Aprili 2012 chifu wa Bonde la Ruzizi aliuawa, na usiku wa 6 Juni 2014 huko Mutarule watu wasiopungua 30 waliuawa, wakati jeshi na walinda amani wa MONUSCO walikuwa kilomita chache tu kutoka hapo. Lakini tujiulize ni nini kilichojaza nafasi kati ya matukio hayo mawili. Ulikuwa uvumi, kila jamii ikiwa na orodha yake ya wafu na orodha yake ya wauaji. Ukimya wa ofisi haukuzuia damu. Uliwaachia wenye hasira kazi ya kusimulia.

Wengine hutetea heshima ya mshukiwa ambaye hajahukumiwa, na hapo wana haki kabisa. Ila polisi ndio wa kwanza kuivunja. Katika miji ya Kongo imekuwa kawaida kuwapanga vijana waliokamatwa mbele ya meya na kamera, kuwaita majambazi, na kuonyesha nyuso zao kabla hakimu hajasikia neno. Hiyo humwanika raia na kumficha askari. Uwazi ninaoutetea ni kinyume chake: idadi, saa, sababu na hatima vitangazwe kwa wote, majina wapewe familia na mawakili.

Na umaskini? Polisi asiyelipwa vizuri, aliyekosa hata karatasi, atatangaza nini? Tukiri kwamba njaa ndiyo inayolifanya kasho kuwa chanzo cha kipato: ndugu hulipa ili mtu atoke, na malipo yasiyo na risiti hayaingii kitabuni. Kutangaza hesabu kutagusa mkate wa watu, kwa hiyo mshahara wa polisi ni sehemu ya madai haya. Hata hivyo, kusoma tarakimu chache redioni kila wiki kwa Kiswahili hakuhitaji bajeti ya Kinshasa. Wala sidai kwamba sheria pekee inaponya. Kenya iliunda Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi 2011, na polisi wanalazimika kuiarifu kuhusu kila kifo mikononi mwao. Bado mwalimu Albert Ojwang alikufa baada ya kuwekwa seli Nairobi, Juni 2025. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili ukaonyesha vinginevyo, mamlaka ikaeleza mbele ya Seneti, na maofisa wakakamatwa, yote ndani ya wiki chache. Makobola ilingoja karibu miaka kumi na miwili kupata maelezo ya kina ya aina hiyo.

Wageni waliohesabu kwa niaba yetu walifanya kazi njema, na mara nyingine waliponzwa nayo: Oktoba 2014 mkuu wa ofisi ile ya haki za binadamu alifukuzwa nchini baada ya ripoti juu ya mauaji yaliyofanywa na polisi Kinshasa. Lakini kuhesabu kwao kuliiondolea dola aibu ya kutohesabu. Sasa parke ya Uvira, komisaria zake na ile ya Kamanyola waanze kutangaza kila wiki waliokamatwa, waliovuka saa 48, waliofikishwa mahakamani na waliokufa. Nawe msomaji, ndugu yako akikamatwa, nenda na shefu wa kartie na mtu mmoja anayejua kusoma, uombe uonyeshwe saa iliyoandikwa kitabuni. Usipoonyeshwa, siku hiyohiyo peleka malalamiko parke kwa maandishi, na ubaki na nakala.